Maziwa Mabichi na Maziwa Yaliyopashwa Moto: Ni Yapi Yajengayo Mwili Zaidi?

Katika nchi ya wafugaji mabishano juu ya maziwa hayaishi. Mzee aliyekulia maziwa ya ng'ombe wa baba yake, yaliyokamuliwa alfajiri na kunywewa kabla povu halijatulia, humtazama mjukuu wake akinywa maziwa yaliyotoka kiwandani, akasikitika. Husema kwamba moto umeyaua maziwa hayo, na kwamba mtoto anakunywa maji meupe. Mwanawe aliye karani mjini humjibu kwa heshima kwamba maziwa mabichi yana vidudu vya maradhi, na kwamba daktari amekataza. Kila upande una ushahidi wake, na mara nyingi ushahidi huo ni mtoto mmoja tu: huyu alinenepa, yule aliugua.

Ugumu wa neno hili ni kwamba mna maswali mawili ndani yake, nayo watu huyachanganya yakawa moja. Swali la kwanza ni kama moto huyapunguzia maziwa nguvu ya kujenga mwili. La pili ni kama maziwa yasiyopitiwa na moto huleta kitu kingine pamoja na chakula. Mtu aweza kusema kweli katika lile la kwanza, na papo hapo akamponza mwanawe katika la pili.

Kwanza yafaa ijulikane kupasha moto ni kufanya nini, maana si sawa na kuchemsha. Kazi hiyo, ambayo viwandani huitwa kupasteurisha, ilipata jina lake kwa mtaalamu wa Kifaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kiasi hauharibiki upesi. Pasteur hakuwa akiwafikiria watoto na maziwa yao; alikuwa akiwaokoa wafanya biashara ya mvinyo na hasara. Aliyeshauri kwamba maziwa ya watoto wachanga yapashwe moto ni Mjerumani Franz von Soxhlet, katika mwaka 1886. Siku hizi njia zinazotumika sana ni mbili. Maziwa huwekwa katika joto la digrii 63 za Selsiasi kwa nusu saa, ama hupitishwa katika mabomba yenye joto la digrii 72 kwa sekunde 15 tu, kisha hupozwa mara moja. Joto la kuchemka kabisa ni karibu digrii 100, kwa hiyo maziwa ya kiwandani ya namna hii hayajafika hata kutokota. Yale ya paketi yanayokaa miezi mingi bila barafu ni mengine. Hayo hupashwa joto la kupita digrii 135 kwa sekunde chache, na habari zake si za leo.

Basi joto hilo la digrii 63 au 72 huondoa nini? Haliondoi mafuta ya maziwa, wala sukari yake, wala kalsiamu ijengayo mifupa na meno. Protini, yaani ile nyama ya maziwa, hubaki karibu kama ilivyokuwa, na tumbo huisaga vilevile. Vitamini A na D hazipungui kwa kiasi cha kutiwa maanani. Vitamini za jamii ya B zinazoumizwa na moto, kama B1 na B12, hupungua kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi, na mara nyingi chini ya hapo. Vitamini C ndiyo inayoumia zaidi. Yaweza kupungua kwa sehemu 10 hata 25 katika kila 100.

Hapo mzee ana haki yake, wala asidharauliwe. Lakini hesabu haiishii hapo. Bilauri nzima ya maziwa mabichi, hata yakiwa yametoka chuchuni sasa hivi, haina vitamini C ya kufikia miligramu 6, na chungwa moja la kawaida lina zaidi ya miligramu 50. Anayetegemea maziwa kwa vitamini C amekwenda kuchota maji katika kisima kikavu, na robo ya kitu kidogo ikipotea, kilichopotea ni kidogo mno.

Kwa mtoto mchanga asiyelishwa ila maziwa ya ng'ombe peke yake, kidogo hicho kilikuwa kikubwa. Katika mwaka 1883 daktari Mwingereza Thomas Barlow alieleza ugonjwa wa watoto wadogo waliokuwa wakivimba miguu na kulia kila waliposhikwa, akaonyesha kwamba ni kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia wakosao matunda na mboga. Desturi ya kuwalisha watoto maziwa yaliyopashwa moto ilipoenea katika miji ya Ulaya na Marekani, kiseyeye nacho kilionekana katika nyumba za watu wenye uwezo, waliofuata kila neno la daktari. Daktari Alfred Hess wa New York alichunguza habari hizo katika miaka ya 1910, akaona kwamba watoto wa maziwa ya moto walipopewa maji ya machungwa walipona na hawakuugua tena. Wapinzani wa moto huitaja habari hiyo ya kiseyeye hata leo, na ni habari ya kweli. Dawa yake, ambayo mara nyingine husahauliwa kutajwa, ilikuwa vijiko vichache vya maji ya chungwa. Hakuna aliyelazimika kuurudisha mji kwenye maziwa mabichi.

Hata hivyo vitamini zilizohesabiwa katika chupa za maabara haziwaridhishi watu wote, wala si lazima ziwaridhishe. Mfugaji hataki kuambiwa miligramu. Hutaka kuona ndama wawili, mmoja amelishwa hivi na mwingine vile, kisha apime mwenyewe. Jaribio la namna hiyo lilikwisha kufanywa, tena kwa watoto, na lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Lilifanywa Uskoti katika mwaka 1930, katika jimbo la Lanarkshire, lipakanalo na lile la Ayrshire ambako chimbuko la ng'ombe wa Ayrshire wajulikanao sana Kenya.

Watoto 20,000 wa shule 67, wenye umri wa miaka 5 hata 12, waliingizwa katika jaribio hilo. Elfu kumi kati yao walipewa kila siku ya shule robo tatu ya painti ya maziwa, kiasi kisichofika nusu lita. Wa elfu tano walikunywa maziwa mabichi, na wa elfu tano maziwa yaliyopashwa moto. Elfu kumi waliobaki hawakupewa kitu. Wao walikuwa wa kulinganishiwa tu. Wote walipimwa urefu na uzito mwezi wa Februari, wakapimwa tena mwezi wa Juni. Kazi yote iligharimu paundi 7,500, nazo zilikuwa fedha nyingi katika siku hizo.

Walipomaliza, madaktari wawili waliosimamia hesabu, Leighton na McKinlay, walitangaza kwamba watoto wa maziwa walikua upesi kuliko wenzao wasiopewa, na kwamba kati ya maziwa mabichi na yaliyopashwa moto hawakuona tofauti. Lakini katika mwaka 1931 R. A. Fisher, mtaalamu mkuu wa hesabu za takwimu katika kituo cha majaribio ya kilimo cha Rothamsted, Uingereza, pamoja na mwenziwe S. Bartlett, walizipitia upya hesabu zilezile wakasema kwamba tofauti ipo, na kwamba waliokunywa mabichi walizidi. Hapo wapenzi wa maziwa mabichi walifurahi, maana wamepata mtu mkubwa wa kuwasemea.

Furaha yao haikudumu. Katika mwaka uleule ilitoka makala ya mtu aliyejiita kwa jina moja tu, "Student," yaani Mwanafunzi. Huyo alikuwa William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin. Waajiri wake hawakuruhusu wafanyakazi kuchapisha mambo ya elimu kwa majina yao wenyewe, naye kwa sababu hiyo alijificha nyuma ya jina la kubuni. Kazi yake ilimfundisha sana kulinganisha mashamba ya shayiri, na mtu aliyezoea kulinganisha mashamba hadanganyiki upesi na wingi wa magunia. Wakati watu walipostaajabia ukubwa wa jaribio, yeye aliuliza watoto hao walichaguliwa vipi.

Jibu lilikuwa la kusikitisha, na la kupendeza pia. Walimu waliagizwa kuwagawa watoto kwa kura au kwa kufuata mpangilio wa herufi za majina. Lakini waliambiwa vilevile kwamba wakiona kundi moja limepata wanene wengi mno au wakondefu wengi mno, wabadilishe wachache ili makundi yawe sawasawa. Basi mwalimu akasimama mbele ya darasa lenye mtoto anayekuja shuleni bila kustahili chai, na mwingine mwenye mashavu ya kung'aa, na mkononi ana maziwa ya kumpa mmoja wao. Haikuhitaji uovu wowote. Huruma peke yake ilitosha. Hesabu zilipochunguzwa ilionekana kwamba tangu mwanzo, kabla ya tone la kwanza kunywewa, watoto wasiopewa maziwa waliwazidi wenzao kwa uzito sawa na ukuaji wa miezi mitatu hivi, na kwa urefu sawa na ukuaji wa miezi minne. Maziwa yalikuwa yamekwenda kwa wenye njaa.

Tena kulikuwa na jambo la nguo. Watoto walipimwa wakiwa wamevua viatu na makoti ya baridi, na wavulana waliamriwa kutoa takataka zote zilizojaa mifukoni mwao, lakini nguo nyingine walibaki nazo. Februari ni kipupwe kikali huko Uskoti, na Juni ni siku za jua. Mtoto wa mwenye uwezo aliyepimwa mara ya kwanza katika sufi nzito, na mara ya pili katika shati jepesi, alionekana kana kwamba hakuongezeka sana. Mtoto wa maskini, mwenye nguo ileile ya Februari mpaka Juni, hakuwa na kitu cha kupunguza mizani. Kwa kuwa maskini ndio waliokunywa maziwa, mizani iliwasingizia maziwa sifa ambayo sehemu yake ilikuwa ya nguo.

Na juu ya maziwa mabichi na ya moto, kasoro ilikuwa kubwa zaidi. Hakuna shule hata moja iliyopewa namna zote mbili. Shule hii ilipata mabichi, ile ilipata ya moto, na kila shule ina watu wake, kazi zao, mishahara yao na vyakula vyao. Mkulima aliyepanda mbegu moja katika shamba la bondeni na nyingine katika shamba la mlimani hawezi kuapa kwamba tofauti ya mavuno ni ya mbegu. Kwa ajili hiyo Gosset alisema kwamba juu ya jambo hili hesabu za Lanarkshire haziwezi kutegemewa, si na wale waliosema yako sawa, wala na wale waliosema mabichi yamezidi. Akashauri njia nyingine: watafutwe mapacha wa kufanana, jozi 50 tu, na kila jozi igawiwe kwa kura, mmoja apewe hiki na mwingine kile. Alikadiria kwamba jozi hizo zingetoa jibu la kuaminika kuliko watoto 20,000, tena kwa sehemu ndogo sana ya gharama.

Kuna jambo jingine katika jaribio hilo ambalo wanaolitaja kwa ajili ya kuyasifu maziwa mabichi hulipita haraka. Maziwa waliyopewa watoto wa Lanarkshire, mabichi na ya moto pia, yalitoka kwa ng'ombe waliopimwa kifua kikuu wakaonekana wazima. Katika siku hizo mtoto wa kawaida wa Uingereza hakuyapata maziwa ya namna hiyo. Katika miaka ya 1930 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 2,000 nchini humo walikufa kila mwaka kwa kifua kikuu kilichotoka kwa ng'ombe, na wengi wao walikuwa watoto. Ugonjwa huo wa ng'ombe haukai mapafuni tu. Uliingia kwa njia ya koo na matumbo, ukavimbisha matezi ya shingo, ukala mifupa ya uti wa mgongo, na wengi waliopona walibaki na vibyongo na makovu. Kwa hiyo jaribio lililouliza kama maziwa mabichi yanajenga mwili lilikuwa limekwisha kuondoa mapema kile ambacho watu waliyaogopea. Hata lingejibu vizuri, lingejibu juu ya maziwa yasiyopatikana kwa mchuuzi.

Wapo wanaotoa ushahidi wa karibu zaidi. Katika mwaka 1931 huohuo, Daktari John Boyd Orr wa Uskoti na Daktari J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, walitoa taarifa yao juu ya Wamasai na Wakikuyu. Waliwaona Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, ni warefu na wazito kuliko Wakikuyu wa siku hizo, ambao chakula chao kilikuwa zaidi nafaka, viazi na kunde. Taarifa hiyo imekosolewa na wanahistoria baadaye, na ukosoaji huo una uzito. Lakini hata ikikubaliwa yote, ililinganisha wanywao maziwa mengi na wasiyoyanywa. Hakukuwa na kundi la Wamasai waliokunywa maziwa ya moto ili walinganishwe na wenzao. Anayesema kwamba morani ni mrefu kwa sababu maziwa yake hayakuguswa na moto, ameongeza neno ambalo halimo.

Juu ya yale ambayo maziwa hubeba, hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa kisiwa cha Malta. Askari na mabaharia wa Kiingereza waliokaa huko walikuwa wakishikwa na homa ndefu, inayokwenda na kurudi kwa majuma na miezi, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo. Daktari wa jeshi David Bruce aliviona viini vyake katika mwaka 1887, lakini kwa muda wa miaka 18 hakuna aliyejua vinaingiaje. Watu walilaumu hewa, maji, vumbi na mbu. Katika mwaka 1905 Daktari Themistocles Zammit, Mmalta mwenyewe, aliwapima mbuzi, akakuta damu ya wengi wao ina dalili za viini hivyo, ingawa mbuzi walionekana wazima kabisa na maziwa yao yalikuwa meupe, matamu na mazito. Katika mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua mara moja katika kambi. Raia wa kisiwani, walioendelea kuyanywa kama walivyozoea, waliendelea kuugua.

Homa hiyo sasa huitwa bruselosi, kwa jina la Bruce, nayo ipo katika Afrika ya Mashariki. Mfugaji huijua kwa sura yake nyingine, yaani ng'ombe anayetupa mimba. Huenda ng'ombe huyo akaendelea kukamuliwa vizuri, na mwenye nyumba akatibiwa malaria mara tatu bila kupata nafuu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza habari za zizi lake.

Katika miaka ya karibuni yamezuka madai mengine juu ya maziwa mabichi. Yasemekana kwamba mtu ambaye maziwa humvuruga tumbo, kwa sababu mwili wake hauwezi kuisaga sukari ya maziwa, akinywa mabichi hapati shida. Katika mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 16 wa namna hiyo, nao hawakuona nafuu yoyote katika mabichi. Idadi ni ndogo, lakini safari hii kila mtu alilinganishwa na nafsi yake, jambo ambalo Gosset angelipenda.

Dai la pili lina msingi imara zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa kwa watoto wa vijijini katika Ujerumani, Austria na Uswisi, ulionyesha kwamba waliokunywa maziwa mabichi ya shambani hawakushikwa sana na pumu kama wenzao, na kwamba yakichemshwa faida hiyo haikuonekana. Basi huenda mna kitu ndani ya maziwa ambacho moto hukiharibu na ambacho si chakula kwa maana ya kawaida. Wenye uchunguzi huo wenyewe hawakuwashauri wazazi wawape watoto maziwa mabichi. Walitamani kitu hicho kijulikane, ili kiweze kubaki pasipo vidudu.

Na vidudu vipya havijakoma. Katika mwezi wa Machi 2024 homa ya mafua ya ndege ilionekana katika ng'ombe wa maziwa huko Marekani, na virusi vyake vilikutwa kwa wingi katika maziwa mabichi ya ng'ombe walioshikwa. Moto wa kiwandani uliviua.

Katika Kenya sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa haipiti kiwandani. Hutoka kwa mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu, ikachukuliwa na mchuuzi kwa baiskeli au pikipiki, ikafika mjini katika mitungi. Jambo lililoponya watu wengi ni desturi, wala si amri: karibu kila nyumba huyachemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na mengi huishia katika sufuria ya chai. Kuchemsha kwa jikoni hupunguza vitamini kuliko moto wa kiwandani, hasa yakiachwa yatokote muda mrefu au yakirudiwa kuchemshwa mara tatu kwa siku. Kwa viini vya kifua kikuu na bruselosi, yakipanda mara moja yakaepuliwa yatosha. Mwenye kipimajoto aweza kufanya kama kiwanda: huweka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, hukoroga, hulinda digrii 63 kwa nusu saa nzima, kisha huipoza upesi katika maji baridi.

Mama mwenye kuhofia kwamba moto unampunja mwanawe angefaidika zaidi kwa kuangalia wezi wengine wa nguvu za maziwa. Mchuuzi akitia kikombe kimoja cha maji katika kila vikombe vinne vya maziwa, ameondoa sehemu moja katika tano ya kila kitu: protini, kalsiamu, mafuta, vitamini zote. Hakuna moto wa kiwandani ufanyao hivyo. Chupa nyeupe ikiachwa juani dirishani, mwanga huiharibu vitamini B2, ambayo moto wenyewe hauiumizi sana. Na ng'ombe aliyekula mabua makavu tangu Januari hutoa maziwa yenye vitamini A chache kuliko yule aliyeshiba majani mabichi, hata kama yatanyweka yangali na joto la kiwele.

Imebaki habari ya maziwa ya mgando, ya mala na ya mursik, ambayo wengi huamini kwamba uchachu wake huua kila kidudu. Uchachu husaidia, tena maziwa hayo ni chakula kizuri sana, na mtu anayesumbuliwa na sukari ya maziwa mara nyingi huyavumilia vizuri. Lakini viini vya bruselosi vyaweza kukaa siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda, na mtu asiyajue kwa ladha wala kwa harufu. Nyumba nyingi zilikwisha kubadili mpango bila kuacha kibuyu: maziwa huchemshwa kwanza, huachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu, hutiwa kijiko cha mala ya jana, ndipo yakamiminwa katika kibuyu kilichosafishwa na kufukizwa kwa mkaa kama ilivyokuwa tangu zamani. Ladha hubaki ileile, ingawa wapo wazee wanaosema kwamba wao huitambua tofauti.